Namna ya kuratibu utafiti wa tiba wenye vituo vingi mkoani Kigoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa shughuli za kiutawala za utafiti wa tiba unaofanyika kwa wakati mmoja katika vituo kadhaa vya mkoa wa Kigoma. Tuchukulie mfano wa utafiti wa malaria kwa wajawazito wenye vituo vinne: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iliyopo mjini, kituo kimoja Kasulu, kingine Kibondo, na zahanati ya mwambao upande wa kusini wa wilaya ya Uvinza, ambako watu wengi husafiri kwa boti. Mtafiti mkuu hushughulika na swali la kisayansi, na mratibu hushughulika na kila kinachotakiwa kuwa mahali pake ili swali hilo lipate jibu: vibali, fedha, watu, sampuli, takwimu na karatasi. Msimamo wangu katika yote yanayofuata ni mmoja, nao ni kwamba kila utaratibu upangwe kwa kuanzia kwenye kituo kilicho mbali zaidi. Utaratibu unaomwezesha muuguzi wa zahanati ya mwambao kufanya kazi akiwa na umeme wa jua na mtandao wa kubahatisha hautamshinda karani wa Maweni, lakini utaratibu uliotungwa mjini na kutumwa kusini kwa barua pepe mara nyingi huishia kwenye simu ya mtu ambaye hana muda wala chaji ya kuufungua.

Vibali na barua

Kazi ya vibali ianze miezi mingi kabla ya kuajiri mtu yeyote. Andiko la utafiti hupitia kamati ya maadili ya taasisi inayohusika, kisha hupelekwa kwenye Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, ambayo iliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979. Utafiti unaojaribu dawa, chanjo au kifaa tiba unahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mtafiti asiye raia anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia pamoja na kibali cha ukaazi daraja C. Kama kituo kimojawapo kiko ndani ya kambi ya wakimbizi, ongeza kibali cha kuingia kambini kinachotolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na ukiombe mapema kwa kutaja majina ya watu watakaoingia, kwa kuwa kibali cha mtu mmoja hakimfai mwenzake.

Hati ya maadili inapofika, watu hufurahi, huipiga picha, kisha huiweka kwenye jalada. Isome yote. Ni halali kwa mwaka mmoja, kwa hiyo maombi ya kuihuisha yanapaswa kuwa tayari kabla mwaka haujaisha. Inamtaka mtafiti mkuu atoe taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi 6 kwa Wizara ya Afya na NIMR, na pia kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na Waganga Wakuu wa Wilaya, ambao kwa bahati mbaya ndio husahauliwa zaidi ingawa ndio wenyeji wa utafiti. Inataka ruhusa ya NIMR kabla ya kuchapisha matokeo. Vilevile idhini hutolewa kwa maeneo yaliyotajwa, na ukiongeza kituo cha Kakonko ambacho hakikuwamo, hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuandikishwa pale mpaka marekebisho yapitishwe, hata kama mganga wa kituo amekubali kwa moyo mkunjufu na wagonjwa wako foleni.

Baada ya vibali vya kitaifa hufuata barua za utambulisho, ambazo hushuka ngazi kwa ngazi kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa kwenda wilayani na kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Mkoa wa Kigoma una halmashauri 8, na Kasulu peke yake ina mbili, ya Mji na ya Wilaya, kila moja ikiwa na mkurugenzi wake na mganga mkuu wake. Barua iliyopelekwa kwenye halmashauri isiyohusika inaweza kulala masijala wiki nzima bila mtu kuwa na kosa. Kwa kila barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na kumbukumbu namba iandikwe kwenye daftari moja linalokaa kwa mratibu. Ukiulizwa miezi 8 baadaye kama Uvinza walitaarifiwa, jibu liwe ni ukurasa unaoweza kuufungua.

Kuhusu vijijini nina neno la kusisitiza. Gari geni linalofika na watu wanaochukua damu linaweza kuamsha habari za mumiani kabla dereva hajazima injini, na uvumi huo ukishafika kisimani hakuna barua ya mkoa itakayouzima. Mtendaji, mwenyekiti, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na viongozi wa dini wakutane na timu kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na waelezwe kiasi cha damu kwa kipimo wanachokijua: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Waelezwe pia damu hiyo itakwenda wapi na itakaa kwa muda gani, kwa kuwa hilo ndilo swali ambalo watu hubaki nalo baada ya mkutano kuisha.

Fomu ya ridhaa na matoleo yake

Wakaguzi wa utafiti mara nyingi hukuta kasoro moja ileile: mshiriki amesaini fomu ya ridhaa ya toleo lililokwisha kubatilishwa. Hutokea hivi. Kamati inapitisha toleo la pili, mratibu analituma kwenye vituo vyote siku hiyohiyo, Maweni wanachapisha na kuanza kulitumia, lakini zahanati ya mwambao ina rimu ya fomu za zamani kabatini na haina printa, basi muuguzi anaendelea na alichonacho. Kutuma toleo jipya ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzikusanya za zamani kwa mkono, kuzihesabu, kuziharibu mbele ya shahidi na kusaini hati inayosema zilikuwa ngapi. Kila fomu iwe na namba ya toleo na tarehe chini ya kila ukurasa, na fomu za vituo visivyo na printa zichapishwe mjini na zipelekwe zikiwa zimehesabiwa.

Fomu huandikwa kwa Kiswahili, lakini vijijini Kigoma wapo wazee na akina mama wanaoelewa vizuri zaidi wakizungumziwa kwa Kiha. Maelezo ya Kiha yatayarishwe, yakubaliwe na yafanyiwe mazoezi na wahudumu wa vituo vyote, kwa sababu kama kila mhudumu anajitungia yake papo hapo, washiriki wa Kasulu watakuwa wamekubali jambo moja na wa Kibondo jambo lingine. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, na shahidi huyo asiwe mfanyakazi wa mradi wala mtu anayemtegemea mfanyakazi wa mradi.

Saa na tarehe

Sehemu hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo huharibu takwimu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Fikiria mratibu anampigia simu muuguzi mfawidhi wa zahanati kuulizia sanduku la sampuli linalosafirishwa kwa boti.

“Shikamoo mama. Sanduku la leo limeondoka?”

“Marahaba mwanangu. Limeondoka saa tatu, nahodha amesaini.”

Saa tatu ya mama ni 09:00 kwenye fomu, na kila Mtanzania anajua hivyo, lakini mtu aliyechoka akiandika 3:00, kompyuta ya Dar es Salaam au ya ng'ambo inasoma saa tisa ya usiku, na sampuli inaonekana imekaa saa 6 zaidi nje ya jokofu. Kwa hiyo fomu zote ziwe na visanduku vinne vya tarakimu kwa mfumo wa saa 24, ukutani kwa kila kituo ibandikwe karatasi inayolinganisha saa ya kusema na saa ya kuandika, na saa ya ukutani iwe moja tu inayotegemewa. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika na kwenye vituo vya mpakani kuna tatizo la ziada. Simu au kishikwambi kinaweza kunasa mtandao wa Burundi au wa Kongo, ambako saa ziko nyuma kwa saa moja, na kama kimewekwa kujirekebisha chenyewe, muda wote unaojazwa siku hiyo utapungua kwa saa moja bila mtu kugundua. Zima marekebisho hayo katika kila kifaa, weka saa za Afrika Mashariki kwa mkono, na mkague vifaa kila Jumatatu.

Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi. Washirika kutoka Marekani hutanguliza mwezi, sisi hutanguliza siku, na 04/07/2025 inaweza kuwa Aprili au Julai. Ukiandika 04 Julai 2025 suala limekwisha.

Sampuli

Safari ya sampuli ni mfululizo wa makabidhiano, na kila makabidhiano yana watu wawili, muda, nyuzi za joto na idadi ya mirija. Kwenye zahanati yetu ya mwambao, sanduku lifungwe hivi. Mirija izungushiwe kitambaa cha kunyonya, iwekwe ndani ya chombo cha pili kisichovuja, na chombo hicho kiwekwe ndani ya sanduku gumu la nje lenye alama ya UN 3373, ambayo ndiyo alama ya kimataifa ya vielelezo vya kibaiolojia vya kundi B. Kifaa cha kurekodi joto kiwekwe katikati ya mirija, mbali na pakiti za barafu, maana kikigusana na barafu kitasoma baridi ya barafu. Fomu ya makabidhiano iwe na nakala tatu: moja inabaki kituoni, moja inawekwa kwenye mfuko wa nailoni na kubandikwa juu ya kifuniko, na moja anaibeba anayesafirisha. Nahodha asiombwe kusaini yaliyomo ndani, kwa kuwa hajayaona. Asaini kwamba amepokea sanduku moja lililofungwa kwa utepe wenye namba fulani. Anayepokea Kigoma mjini asome kwanza joto na namba ya utepe, aziandike, ndipo afungue na kuhesabu. Utaratibu huo ukigeuzwa, swali la wapi baridi ilipotea halijibiki tena.

Kwa sampuli zinazopaswa kuganda kabisa wakati wa kusafirishwa hadi maabara ya mbali, barafu kavu, yenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, iagizwe mapema na ipigiwe hesabu ya ucheleweshaji wa siku moja zaidi ya ratiba. Barafu hiyo hugeuka kuwa hewa, hivyo sanduku lisizibwe kabisa, na shirika la ndege lijulishwe uzito wake kabla ya siku ya safari. Tuma Jumatatu au Jumanne. Mzigo ulioondoka Alhamisi ukikosa ndege utalala uwanjani hadi mwisho wa juma, wakati wanaopaswa kuupokea wako makwao. Sampuli zinazotoka nje ya nchi zinahitaji mkataba wa uhamishaji wa sampuli ulioidhinishwa na NIMR, na mkataba huo ufuatiliwe tangu mwaka wa kwanza, hata kama safari yenyewe ni ya mwaka wa tatu.

Kalenda

Mratibu awe na kalenda moja ya mwaka inayoonekana na vituo vyote, na ndani yake yaingizwe mambo ambayo andiko la utafiti halikuyafikiria. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa hiyo malipo yanayopitia halmashauri yasisubiri wiki za mwisho za Juni. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza 1 Oktoba, na mfadhili wa huko atadai taarifa kwa kalenda yake. Mbio za Mwenge zinapopita wilayani viongozi wote huwa barabarani, na kampeni ya chanjo ikitangazwa wauguzi wako wote ni wa kampeni. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na ndiyo miezi ambayo barabara za vijijini hukwama na malaria huhitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Ziwa nalo lina kalenda yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kamili, hivyo mahojiano yanayohitaji waume kuwapo nyumbani yapangwe kwa kufuata mwezi. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na uamuzi wa namna hiyo unaweza kuhamisha familia kutoka mwaloni kwenda mashambani. Mratibu asiyeuliza habari za ziwa atashangaa washiriki wake wamekwenda wapi. Katika mwezi wa Ramadhani, hasa Ujiji na mwambao, ratiba ya kutoa damu na kumeza dawa mbele ya mhudumu izungumzwe na washiriki kabla mfungo haujaanza.

Fedha

Migogoro ya vituo vingi mara nyingi huanzia kwenye posho. Kama mshiriki wa Kasulu anarudishiwa nauli ya kiwango kimoja na wa mwambao kiwango kingine, habari zitafika, na zitafika zikiwa zimekuzwa. Nauli ya boti haiwezi kulingana na ya bodaboda, kwa hiyo andika kanuni badala ya kiwango: kila mshiriki hurudishiwa nauli halisi ya njia yake pamoja na kiasi kimoja cha chakula kinachofanana kote, na kanuni hiyo iwe imepitishwa na kamati ya maadili. Posho za watumishi nazo zifuate jedwali moja lililosainiwa na vituo vyote.

Masurufu yatolewe kwa jina la mtu, kwa kazi iliyotajwa, na yarejeshwe kabla mengine hayajatolewa. Kubalianeni na mkaguzi wa hesabu mapema kuhusu malipo yasiyo na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, kama nauli ya boti ya kijijini: hati yenye jina la mlipwaji, namba yake ya simu, sahihi yake na ya shahidi, pamoja na kikomo cha kiasi. Kituo cha mbali kiwe na akiba ya uendeshaji ya angalau miezi miwili, kwa sababu fedha za mfadhili huchelewa, na muuguzi asiyelipwa hawezi kulaumiwa akiacha kufuatilia washiriki.

Taarifa za madhara makubwa

Kifo, hali ya kutishia maisha, kulazwa hospitalini, ulemavu wa kudumu na mtoto kuzaliwa na kasoro ni matukio ambayo, katika majaribio ya dawa, kwa kawaida hutakiwa kumfikia mdhamini wa utafiti ndani ya saa 24 tangu kituo kilipofahamu, isipokuwa yale ambayo andiko limeyaondoa kwa sababu maalumu. Taarifa ya kwanza itolewe kwa simu, hata kama fomu haijakamilika, na karatasi ifuate. Kila kituo kiwe na mnyororo wa majina matatu pamoja na kaimu wa kila mmoja, kwa maana watu huenda likizo, hufiwa na huugua. Fanya zoezi la kushtukiza: mpigie mhudumu wa mwambao jioni ya Jumamosi, mwambie mshiriki wa kubuni amelazwa, na uangalie taarifa inafika lini kwa daktari anayesimamia usalama wa washiriki. Nimeona mara nyingi kwamba mnyororo mzuri kwenye karatasi hukatika kwenye namba ya simu iliyobadilishwa.

Vikao, takwimu na faragha

Kikao cha simu kifanyike kila wiki kwa saa ileile, na kianze na kituo cha mbali zaidi, wakati chaji na mtandao vipo na kabla vituo vya mjini havijamaliza muda. Ajenda ya kwanza iwe yatokanayo na kikao kilichopita, kila jambo likiwa na jina la mtu na tarehe, na muhtasari wa ukurasa mmoja utumwe jioni hiyohiyo. Mambo mazito yasiamuliwe kwenye makundi ya WhatsApp, na majina au picha za washiriki zisipite huko kabisa.

Fomu za kielektroniki zitumie programu inayojaza bila mtandao na kutuma mtandao unapopatikana. ODK na REDCap zote huwezesha hilo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za afya na usafirishaji wake nje ya nchi, hivyo makubaliano ya kushirikisha takwimu yatazamwe na mwanasheria kabla faili la kwanza halijatumwa.

Kufunga utafiti

Bajeti ya kufunga iandikwe siku ile inapoandikwa ya kuanza. Matokeo yarudishwe kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, kwa halmashauri, kwa watumishi wa vituo na kwa mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili cha kawaida, kabla hayajatangazwa Dar es Salaam au ng'ambo. Majokofu, vishikwambi na pikipiki vikabidhiwe kwa hati na viingizwe kwenye rejista ya mali ya mwenye kuvipokea, pamoja na maelezo ya nani atalipia matengenezo, kwani jokofu lisilo na bajeti ya matengenezo hugeuka kuwa kabati. Mikataba ya wafanyakazi itolewe taarifa kwa wakati na barua zao za utumishi ziandikwe vizuri, maana wahudumu hao ndio watakaoajiriwa na utafiti ujao.

Mwisho ni majalada. Fomu za ridhaa na orodha inayounganisha majina na namba za washiriki zihifadhiwe kwenye makabati mawili tofauti yenye funguo, na hati ya makabidhiano ionyeshe nani ana ufunguo upi, hadi mwaka gani, na nani atauchukua akihamishwa. Nakala moja ya hati hiyo ibaki kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na nyingine ipelekwe kusini pamoja na boti ya mwisho ya mradi, isainiwe na muuguzi mfawidhi, kisha nakala iliyosainiwa irudi kwa mratibu.